Haki ya Mtoto ni Deni: Mdaiwa ni Nani?

Kwetu pwani, mtu akifa, husimama mmoja wa jamaa zake mbele ya waliokuja kuzika akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu na ajitokeze, apewe haki yake. Aghalabu hasemi deni lake, husema haki yake. Kwa Mswahili maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Haki si kitu kinachoelea juu kama wingu la kaskazi lisilo na mvua. Haki ni mali ya mtu iliyoko mikononi mwa mtu mwingine, na aliyeishika hana budi kuirudisha. Palipo na haki pana mdai, na palipo na mdai lazima pawe na mdaiwa.

Nimeanza na lugha, msomaji, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa miaka hii nimeketi katika mikutano mingi ya kuwafundisha watu wa mashamba haki za watoto. Sura ya mikutano hiyo ni moja popote uendapo. Turubai, viti vya plastiki, fulana zilizoandikwa mgongoni, soda, na mwalimu kutoka mjini mwenye orodha mkononi. Mtoto ana haki ya jina. Mtoto ana haki ya chakula. Mtoto ana haki ya elimu. Watu hupiga makofi, picha hupigwa, gari huondoka. Mdai ametajwa mara ishirini. Mdaiwa hakutajwa hata mara moja.

Mada hii ilinikaa moyoni baada ya safari iliyonifikisha Kisegi. Asiyekujua, Kisegi iko kando ya ziwa katika Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, milima ya Gwassi ikiwa nyuma yake na maji mbele. Ukizidi kushuka kusini na ufuo unaingia kaunti ya Migori, kisha Tanzania. Kwa mtu aliyetoka Mombasa ni kuvuka nchi nzima, kutoka maji hadi maji. Nilipofika nimevaa kofia yangu ya vito, vijana wa ufuoni waliniita shehe, wazee wakaniita jaduong', na wote wakanipa mahali pa kukaa. Hilo la kupewa mahali pa kukaa kabla ya kuulizwa umeleta nini, nadhani ndilo somo la kwanza ambalo wafundishaji wetu wangelipata huko lau wangelikuwa hawana haraka.

Wenyeji wa asili wa ufuo ule ni Abasuba, watu ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu kama Kiswahili, lakini leo wengi wao husema Dholuo nyumbani, na Olusuba imo katika hesabu ya lugha zilizo hatarini. Katika kisiwa cha Mfangano, si mbali na hapo kwa mashua, kumeanzishwa redio ya jamii inayotangaza kwa lugha hiyo. Hili nalisema mapema kwa kuwa lina maana katika mada yetu. Ukimpelekea bibi wa Gwassi somo lililoandikwa kwa Kiingereza huko Nairobi, likatafsiriwa njiani kwa Kiswahili cha ofisini, kisha likafasiriwa tena kwa Dholuo na kijana mwenye kipaza sauti, kinachomfikia ni makombo.

Niliuliza haki za watoto huitwaje hapo. Nikaambiwa ni ratiro mag nyithindo. Nyithindo ni watoto. Ratiro ni neno lililozaliwa na tir, yaani kilichonyooka, kisichopinda. Nikalionea raha neno hilo. Sisi pwani haki yetu ni deni, wao haki yao ni unyoofu. Mwalimu yeyote mwenye akili angelianza hapo, akawauliza wazee: katika malezi ya mtoto, lipi limenyooka na lipi limepinda? Wangelizungumza hadi jua litue, na sehemu kubwa ya Katiba ingelitoka vinywani mwao wenyewe.

Badala yake, yaliyotokea sehemu nyingi za nchi ni kinyume. Neno haki za watoto limepata sifa mbaya. Pita kijiji chochote, huku kwetu Kwale au kule Nyanza, uwasikilize wazazi: haki zimewaharibu watoto, haki zimemnyang'anya mwalimu fimbo, siku hizi mtoto hushtaki babake. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku viboko shuleni, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Watoto. Mambo hayo mawili yakaingia mashambani mkono kwa mkono, yakafahamika kama jambo moja: kwamba watu wa mbali wamekuja kutufunga mikono mbele ya watoto wetu wenyewe.

Sishangai. Mimi nimesoma chuoni, nikiketi juu ya jamvi, juzuu kwenye marfaa, na bakora ya mwalimu ikizunguka juu ya vichwa vyetu kama kipanga. Siku mzazi anampeleka mtoto chuoni alimwambia mwalimu: nyama yako, mifupa yangu. Maana yake ni kwamba mpige utakavyo, ila usimvunje. Wengi wa rika langu bado huisimulia kauli hiyo kwa kicheko. Lakini chuoni humo humo, kwa mwalimu huyo huyo, ndimo nilimofundishwa kwamba mtoto ana haki juu ya mzazi wake: kupewa jina zuri, kulishwa cha halali, kufundishwa, kutendewa usawa na nduguze. Nilifundishwa pia kwamba mali ya yatima ni moto tumboni mwa anayeila. Hakuna Mzungu wala Umoja wa Mataifa aliyetia hayo katika vitabu vyetu. Basi atakayemwambia mzee wa pwani kwamba haki za mtoto zilianza tarehe 20 Novemba 1989, Mkataba ulipopitishwa kule New York, amemfanya mzee huyo mjinga bila sababu, na mzee naye atafunga masikio. Kenya iliuridhia Mkataba huo tarehe 30 Julai 1990, na mwaka 2000 ikaridhia ule wa Afrika. Ni jambo jema sana. Lakini karatasi iliwakuta watu na mizani yao tayari.

Sisemi kwamba mizani hiyo haikuwa na kasoro. Hasha! Mafunzo yetu ya kale yalimfundisha mtoto wajibu zaidi kuliko yalivyomfundisha mkubwa. Tazama fasihi yetu. Mwana Kupona binti Mshamu, karibu na mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia, na wasichana wa Lamu na Pate wakauhifadhi kizazi baada ya kizazi. Ni hazina, nami siwezi kuihesabu fasihi ya pwani bila yeye. Walakini najiuliza: ni nani aliyewatungia wazazi utendi kama huo, wauhifadhi vivyo hivyo, wa kuwausia wao kuhusu binti? Mimi sijauona.

Huko ziwani nako kulikuwa na shule ya aina hiyo, isiyo na ubao wala chaki. Katika boma la Waluo, desturi ambayo Abasuba waliichukua, wasichana walilala katika nyumba ya bibi mzee. Nyumba hiyo iliitwa siwindhe. Bibi huyo, pim, aliwatolea vitendawili, akawasimulia ngano, akawafundisha mwili na miiko yake, nani ni ndugu na nani si ndugu. Wavulana nao walikuwa na wazee wao katika duol, nyumba ya mwenye boma, kando ya moto. Shule za bweni, kazi za mjini na nyumba za vyumba viwili vya mabati vimeiondoa siwindhe taratibu. Wako wanaoililia kana kwamba ilikuwa pepo. Haikuwa pepo, humo pia msichana alifundishwa kunyamaza. Ila palikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna ofisi iliyoweza kukirudisha: mtu mzima asiyekuwa mamake wala babake, ambaye kazi yake ilikuwa kumsikiliza usiku. Msichana aliyepatwa na jambo hakuhitaji nauli kwenda kulisema.

Leo anaihitaji. Na ufuo umebadilika.

Uvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ni kazi ya usiku wa giza. Mashua hutoka na taa, zamani karabai, leo taa za betri, samaki wafuate mwanga. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala. Asubuhi omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu mchangani, na hapo ndipo utakapowaona wanawake na watoto, wengine wakiwa na sare za shule, wakigeuza, wakichagua, wakifukuza ndege. Mwenye mashua ni mwanamume, na mwanamke anunuaye samaki ni lazima awe na mvuvi wake atakayemwuzia yeye kwanza. Jina la uhusiano huo ni jaboya. Sikio la mtu wa pwani haliwezi kukosa kusikia boya ndani yake, boya lile lile letu linaloushika wavu usizame. Kwa wanawake wengi bei ya kushikwa juu ya maji si fedha peke yake. Mengi yameandikwa kuhusu hilo. Kule Nduru, upande wa Kisumu, kina mama walipata mashua zao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili wasiombe samaki kwa mwili. Kisichoandikwa sana ni kwamba mama anapougua au kufa, anayetumwa ufuoni na beseni ni binti yake.

Na vifo havikuwa vichache. Makadirio ya serikali ya mwaka 2015 yaliihesabu Homa Bay kuwa na virusi vya ukimwi katika kama mtu mzima mmoja kati ya kila wanne. Mabibi wakageuka kuwa mama mara ya pili. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika kaunti hiyo wasichana 33 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Ni Narok peke yake iliyoipita. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 23, na Migori pia 23, ilhali nchi nzima ni 15. Kutoka 33 hadi 23 si haba, na wenye kufanya kazi huko wanastahili heshima yao. Lakini 23 katika 100 maana yake ni kwamba darasani, karibu katika kila benchi moja ya wasichana wanne, mmoja ana jambo hilo au linamkaribia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikera hasa.

Msichana wa miaka 14 anapata mimba, na mwenye mimba anajulikana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, ile iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, haina kigugumizi. Aliyemwingilia mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya 15. Wa miaka 11 kurudi chini, ni kifungo cha maisha. Hiyo ndiyo sheria. Lakini mashambani, na hapa siisemi Kisegi peke yake kwani hata Kilifi na Kwale wanayajua haya, hukaa wazee wa pande mbili chini ya mti. Kunasemwa kuhusu aibu. Kunasemwa kuhusu ujirani. Kisha hutolewa mbuzi, au ng'ombe, au fedha, na mambo huitwa yamekwisha nyumbani.

Wapewa nani mbuzi hao? Babake.

Hapo ndipo mwanafunzi wa chuoni ndani yangu aliposhindwa kukaa kimya. Tumekubaliana kwamba haki ni deni. Basi deni halilipwi kwa asiyelidai! Ukiwa na shilingi zangu, ukaenda ukampa kaka yangu, hujanilipa. Unadaiwa bado, hata kama kaka amekushukuru na kukupikia pilau. Mwenye kudhulumiwa pale ni msichana. Mwili ni wake, shule iliyokatika ni yake, usiku wa kuamka na mtoto mchanga ni wake. Kisha wanaume wawili wanapeana mkono juu ya kichwa chake, mmoja anaondoka na mbuzi na mwingine anaondoka na uhuru wake. Kwa kanuni ya wazee wenyewe, ya pwani au ya ziwani, hapo hapajalipwa kitu. Kilichopinda kimezidi kupinda.

Nilimweleza hivyo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, tulipokuwa tumekaa juu ya mashua iliyofudikizwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba amehudhuria mafunzo mengi ya haki za watoto na hakuna aliyepata kumwambia jambo hilo kwa njia hiyo. Waliwaambia kwamba ni kosa, na kwamba watafungwa. Wazee wakaogopa, wakaanza kukutana usiku badala ya mchana. Ndiyo faida ya vitisho hiyo.

Nisiwabebeshe wazee mzigo wote. Mdaiwa mkubwa kuliko wote anakaa mbali, naye ni serikali. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao, matibabu, ulinzi dhidi ya ukatili na kazi za hatari, na malezi ya baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai 2022, imeyapanua hayo. Ni maneno mazuri. Mkutano unapoyasoma, ungetazamia asikike mtu akisema: na katika tarafa hii, anayedaiwa jambo la kwanza ni fulani, hukaa mahali fulani, siku fulani.

Chukua jina. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikiwa taarifa ya kuzaliwa na naibu wa chifu, na ikipita miezi 6 huhesabiwa amechelewa, mlolongo ukawa mrefu zaidi. Bila hati ya kuzaliwa, kumwandikisha mtoto shuleni na kwenye mitihani ni shida juu ya shida. Bibi mmoja niliyemkuta akianika omena alikuwa analea wajukuu watatu, wawili hawana hati. Alijua kwamba mtoto ana haki ya jina. Alilisema neno lenyewe kwa ufasaha, kama mtoto wa chuoni asomavyo sura asiyojua maana yake. Hakuna aliyemwambia kwamba anayedaiwa karatasi ile ni naibu wa chifu. Vilevile alikuwa amesikia kwamba iko fedha ya serikali kwa ajili ya mayatima. Mpango huo ulianza kwa majaribio mwaka 2004 na sasa hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba iliyoandikishwa. Lakini alidhani ni ya watu waliochaguliwa na Mungu. Kumbe ni ya waliochaguliwa na kamati, na kamati ina wajumbe, na wajumbe wana nyumba zenye milango.

Chukua shule. Tangu Januari 2003 karo ya msingi imeondolewa. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba msichana aliyezaa ana nafasi ya kurudi darasani, na kabla yake, tangu miaka ya 1990, ilikuwapo sera ya namna hiyo. Je, wazazi wangapi wa ufuoni wanalijua hilo? Kwa wengi, mimba ndiyo cheti cha kumaliza shule. Mkutano mmoja, mwalimu mkuu akisimama mbele ya kina mama akasema, leteni mabinti zenu Jumatatu, nami nitawapokea, ungelifanya kazi kuliko fulana mia. Tena hapo mdaiwa angelikuwa amejitaja mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya mashahidi.

Iko pia nambari ya simu, 116, isiyolipishwa, ya kusaidia watoto. Niliona imeandikwa kwenye ukuta. Mtoto asiye na simu na aliye katika bonde lisilo na mtandao huisoma kama sisi tunavyosoma majina ya nyota. Basi mwenye simu kijijini ajulikane, mwenye duka au mama wa kanisa, awe ndiye siwindhe ya leo. Hilo halihitaji bajeti.

Nimeona pia kwamba wafundishaji huwapenda zaidi watoto kama wanafunzi wao. Huenda shuleni, hukusanya darasa la sita, huwafundisha kudai. Ni rahisi, watoto hawabishani, huimba. Lakini ukimfundisha kudai mtoto peke yake, kisha jioni ukamrudisha kwa mdaiwa asiyejua kitu, umemtuma vitani bila ngao. Wanaume wenye nyavu ndio wagumu, na ndio wanaohitajiwa. Kila ufuo wa ziwa una kamati yake ya usimamizi, yenye daftari la mashua na la wavuvi. Kamati hizo zinajua nani ana nyavu haramu na nani amekwepa ushuru. Ni vipi zisijue ni nani anamtumikisha mtoto wa shule mashuani, au ni mashua gani inauza samaki kwa mabinti? Daftari lipo, ni safu moja tu ya kuongeza. Kusini zaidi, kule Nyatike, kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder, nako wavulana huacha shule wakabeba mawe. Na huko nako mashimo yana wenyewe, na wenyewe wana majina.

La mwisho ni saa. Mafunzo huitishwa saa tatu asubuhi, siku za kazi, kwa kuwa ndipo magari ya ofisi yanapotoka. Saa hiyo wavuvi wamelala baada ya kukesha na wanawake wako mchangani wanashindana na jua. Wanaokuja kuketi chini ya turubai ni wasio na kazi na wenye njaa ya soda. Anayetaka kusikilizwa ufuoni na atazame mwezi, kama atazamavyo mvuvi: usiku wa mbalamwezi mashua zimepumzika na watu wanazungumza hadi saa nne. Ama aende matangani, ambako watu wa ziwa hukesha siku nyingi na kila mwenye neno hupewa nafasi. Nasikia wako wanaoliona jambo hilo kuwa si la heshima. Maneno ya uhai wa mtoto kusemwa mbele ya maiti, mimi sioni aibu yake iko wapi.

Halafu iko miezi ile uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaliane, kuanzia Aprili hadi Julai. Ufuo huwa kimya. Wanaume hushona nyavu, fedha hupotea majumbani, na, kama alivyoniambia bibi wa omena bila kuzunguka, huo ndio msimu ambao msichana hutongozwa kwa kilo ya unga. Katikati ya miezi hiyo, tarehe 16 Juni, huangukia Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kuanza kuadhimishwa mwaka 1991 kwa kuwakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Huadhimishwa mijini kwa hotuba. Mimi ningependa kuiona siku hiyo ikifanywa mchangani Kisegi, jua likishuka: naibu wa chifu amekuja na daftari lake la vizazi, mwalimu mkuu na orodha ya wasichana waliotoka shule, mwenyekiti wa ufuo na majina ya mashua, afisa wa watoto na fomu za mayatima, wazee wameketi mbele, si nyuma kivulini, na mabibi wanawaita mmoja mmoja wasimame waseme wanadaiwa nini na watalipa lini.